D'mba si mungu wa uzazi

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niseme jambo kuhusu sanamu za Wabaga, wakulima wa mpunga wa pwani ya Guinea. Kila inapochapishwa picha ya D'mba (wengi humwita Nimba), sanamu ya kichwa na kifua cha mwanamke inayobebwa ngomani, maelezo husema ni "mungu wa kike wa uzazi". Siyo. Kwa Wabaga huyo ni mfano wa mama mtu mzima, aliyezaa na kunyonyesha wanawe wakakua. Ndiyo maana maziwa yake yamechongwa marefu, yamelala bapa. Pua imepinda mithili ya mdomo wa ndege, nywele zimesukwa zikapandishwa juu ya utosi. Ni mti mzito wenye miguu minne inayokaa mabegani mwa mchezaji, naye hufunikwa na nyuzi za rafia hadi chini, akichungulia kupitia matundu yaliyotobolewa kati ya maziwa. Jaribu kucheza hivyo juani! Alitolewa kwenye harusi, mavuno na mazishi ya watu wazito.

Wazungu walizipenda sana. Mchoraji Picasso alikuwa na moja nyumbani kwake. Zilizobaki vijijini, nyingi ziliharibiwa miaka ya 1950 katika kampeni za kidini, kisha serikali ya Sékou Touré, rais wa kwanza wa Guinea, baada ya uhuru wa 1958, nayo ikazipiga vita mila hizo.

Ombi langu kwa dawati la picha: mkichapisha picha ya makumbusho, elezeni kwamba hapo mnaonyesha mti mtupu, bila rafia, bila nguo wala mchezaji.

Msomaji wenu,
Dar es Salaam