Yaya, Do inataka kidole kimoja tu

Yaya,

Nakuandikia hapa mbele ya watu kwa sababu kwenye simu, nikitaja gitaa tu, unaniuliza bei ya unga. Leo huna pa kukimbilia.

Jumamosi nilikwenda Kamalondo, Lubumbashi, kusikiliza ukulele, kile kigitaa cha nyuzi nne. Najua umeshacheka. Ulipoiona yangu ulisema ni gitaa lililoachishwa ziwa mapema, na wanao wanaiita hivyo mpaka leo. Basi tulikuwa watu kama thelathini uani kwa mtu, viti vya plastiki, karanga, ukulele saba. Mama mmoja alikuja ameifunga yake mgongoni kwa kitenge. Kijana wa Katuba alikuwa amejiundia ya kwake kwa galoni la mafuta na nyuzi za kuvulia samaki, na usicheke tena: ilitoa sauti safi kuliko yangu ya dukani.

Tulichelewa kuanza. Nailoni mpya kila ukiikaza inalegea, na joto hili la mwezi wa kumi halisaidii. Karibu nusu saa ilikuwa kulinganisha nyuzi tu, sol, do, mi, la, sol, do, mi, la, mpaka mtoto wa mwenye nyumba akauliza kama huo wimbo hauishi.

Kisha mpigaji akaingia kwenye nyimbo za mpiga gitaa Mwenda Jean-Bosco. Unamjua kuliko mimi, maana ni huko kwenu Likasi Hugh Tracey, yule mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alikomrekodi mwaka 1952, mji ukiitwa bado Jadotville. Nikajiuliza gumba litafanya nini. Ule uzi wa sol, unaokaa mahali pa besi, si mnene hata kidogo. Sauti yake iko toni moja tu chini ya la. Kwenye gitaa gumba lako lilikuwa linatembea chini kama mzee anayetoka misa. Hapa halina chini ya kutembea. Yule bwana akalipeleka kwa zamu, do halafu sol, chini halafu juu, na wimbo ukaanza kurukaruka. Mzee aliyekuwa akisinzia nyuma yangu akavuta kiti mbele.

Wakati wa mapumziko alituambia chombo hiki kilizaliwa Hawaii, baada ya meli Ravenscrag kufikisha Honolulu, mwaka 1879, Wareno wa Madeira waliokwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa. Walikuja na vigitaa vyao. Nikamkumbuka babu alivyoletwa mgodini kwa mkataba. Yeye alikuja na blanketi.

Lakini si hayo yaliyonikalisha kuandika. Nilikuwa naangalia mkono wa kushoto wa yule mpigaji, mpaka nikaacha kusikiliza. Akodi ya do: kidole kimoja, uzi wa la, chuma cha tatu shingoni. La ndogo: kimoja. Fa: viwili. Viwili, yaya. Tangu uumie mkono, vinavyokunjika vizuri ni vingapi? Mimi nimevihesabu mara nyingi, hasa pale unapouficha mfukoni gitaa likipita mbele yako sebuleni kwa watu. Sol ya saba ndiyo inadai vitatu. Hiyo tutaitafutia njia. Na gumba la kulia liko zima.

Tunakutana tena Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Panda gari la asubuhi, nitakungoja stendi. Ukulele yangu utashika wewe. Mimi nimeshamwomba yule kijana galoni lake.

Mdogo wako