Risala ya wasanii wa maigizo wa Kirumba, Mwanza, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Ndugu Afisa Utamaduni wa Manispaa yetu ya Ilemela,
Waheshimiwa viongozi wa kata na mtaa,
Viongozi wa BMU, vikundi vya kusimamia uvuvi ufukweni, na matajiri wa mitumbwi mliotuazima taa,
Wazazi, walezi na wapenzi wa sanaa,

Mwadila! Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha jioni hii tukiwa wazima. Pili tunakushukuru wewe, Mgeni Rasmi, kwa kuitikia mwaliko wetu ulioandikwa kwa mkono kwenye karatasi ya daftari, ukaacha shughuli zako na kuja kukaa nasi kwenye mabenchi haya. Wabeja sana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, huenda umejiuliza kwa nini tumekuita usiku, tena usiku wa leo. Ukitazama juu ya mlima utaona mwezi umejaa. Dagaa huvuliwa gizani kwa sababu hufuata taa. Mwezi ukiwa mkubwa, taa ya mvuvi haifui dafu, hivyo mitumbwi hupumzika siku kadhaa. Wasanii sita kati ya kumi na wanne wa kikundi chetu ni wavuvi wa dagaa. Basi kalenda yetu ni mwezi. Giza likiingia tunabaki nusu, tunafanya mazoezi ya vipande vidogo vidogo. Mwezi ukijaa tunakuwa wote, na taa zile zile za sola ambazo juma lililopita zilikuwa ziwani zikiwaita dagaa ndizo zinazotumulika hapa. Jukwaa unaloliona ni vichanja vya kuanikia dagaa, tumevipanga na kuvitandika mbao. Kila kitu hapa kesho asubuhi kinarudi kazini kwake, na sisi pia.

Tulianza tukiwa wanane. Igizo letu la kwanza lilihusu kichocho, ugonjwa tunaoujua vizuri sote tuliokulia kwenye maji haya. Watoto wa shule walikuwa wakikimbia siku ya kumeza dawa, na mwalimu mmoja akatuomba tuwaonyeshe kwa kuigiza kile ambacho mabango yalishindwa kukieleza: kwamba minyoo ile hukaa kwanza ndani ya konokono wa majini, kisha humwingia mtu kupitia ngozi akiwa anaoga, anafua au anavuta nyavu. Kijana aliyeigiza konokono alitambaa na beseni mgongoni, hakusema hata neno moja, na watoto walimtazama kwa hofu ya kweli. Hapo ndipo tulipojua kwamba tunaweza.

Wapo wanaotuambia kwamba maigizo ni mambo ya kuiga kutoka kwenye televisheni. Tunaomba kusema kwa heshima kwamba Usukumani jukwaa ni la zamani kuliko umeme. Bagika na Bagalu, pande mbili za wacheza ngoma wa Kisukuma, wameshindana kwa ngoma tangu enzi za mababu, kila upande na mwimbishaji wake, dawa zake na mbinu zake za kuwashangaza watu. Pale Bujora, Kisesa, kila mwezi wa 6 wakati wa Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma, pande mbili hucheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi upande wake. Hakuna jaji mkali kuliko huyo. Ukilegea dakika mbili, watu wanageuka na kukupa mgongo. Wanaocheza bugobogobo na majembe mikononi, wakilirusha jembe hewani na kulidaka bila kukosa mdundo, hawakuokota ujuzi huo njiani. Walifundishwa kwa miaka.

Mzee wetu wa kikundi, ambaye ameketi pale mbele na kofia yake ya ukindu, alitokea huko. Ndiye anayetufundisha sauti. Kila msanii mpya anapelekwa kwenye miamba, anasimamishwa juu ya jiwe moja, na mwenzake juu ya jiwe la pili, katikati kuna maji na upepo wa ziwa. Anaambiwa amsimulie mwenzake habari za nyumbani kwao. Kupiga kelele hairuhusiwi. Sauti itoke tumboni, ifike ng'ambo ikiwa bado ni ya mtu anayezungumza. Wengine huchukua mwezi mzima. Mzee husikiliza akiwa amefumba macho, na neno lisipomfikia huinua fimbo, basi unarudia. Sisi hatuna kipaza sauti, Mheshimiwa, na utakapotusikia hivi punde hadi benchi la mwisho, ujue ni ile fimbo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, naomba sasa nieleze wenzetu wamefika wapi, maana hili ndilo hasa tulilokuitia.

Mwenzetu aliyeigiza konokono alikwenda Dar es Salaam. Alianza kwa kubeba taa za watu wanaorekodi filamu, akalala chumba kimoja na wenzake watano, na leo ni mwongozaji msaidizi. Hakuwa wa kwanza kupita njia hiyo. Marehemu Steven Kanumba, mzaliwa wa Shinyanga, majirani zetu hapa, alipitia kikundi cha maigizo cha Kaole Sanaa Group kabla Afrika haijamjua kwa filamu. Kikundi ndicho kitalu. Watu huliona tunda sokoni, wachache huuliza mche uliota wapi.

Mwenzetu wa pili ni binti ambaye mchana hufanya kazi ya zamu kwenye kiwanda cha minofu ya sangara. Anasimama kwa muda wa saa nane kwenye baridi, kisu mkononi, na anajifunza maneno yake hapo hapo kwa kuyanong'ona ndani ya barakoa. Baba yake alikataa kabisa asiigize. Alisema, kama wazazi wengi wanavyosema, kwamba jukwaa linaharibu watoto wa kike. Tulikwenda nyumbani kwao mara tatu, mara ya tatu tukiwa na mzee wetu. Baba akakubali kwa sharti moja: saa tatu usiku binti awe amefika nyumbani. Tulikaa tukapanga upya igizo zima ili mhusika wake afariki katika onyesho la pili. Mwenzetu mmoja wa bodaboda humsubiri nyuma ya pazia, injini imezimwa, na akimaliza kufa anapanda anakwenda. Miaka miwili sasa sharti hilo halijavunjwa hata siku moja. Sauti yake leo husikika kwenye matangazo ya redio hapa Mwanza, na analipwa kwa kila tangazo. Baba yake yupo hapa jioni hii. Baba, shikamoo, na tunakushukuru.

Yupo mchoraji wetu. Ukishuka mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inapotia nanga, utaona majina yaliyoandikwa ubavuni mwa mitumbwi, yale yenye kivuli cha rangi ya pili chini ya kila herufi. Mengi ni mkono wake. Pazia lililo nyuma yangu, lenye ziwa na mawe na mawingu ya mvua, amelichora kwa rangi iliyobaki kwenye makopo ya mitumbwi. Ndiyo maana ziwa letu lina kijani kingi kuliko buluu.

Mwingine amekuwa mshereheshaji wa harusi. Usiku mmoja wa harusi humlipa kuliko sisi tunavyompatia kwa miezi minne, na hatumwonei kijicho. Kila akiweza anarudi. Lakini wapo ambao hawakurudi. Yupo mmoja, mwenye kumbukumbu ambayo sijaiona kwa mtu mwingine, aliyekuwa akishika maneno ya wahusika wote katika igizo zima baada ya kulisikia mara mbili. Watoto waliongezeka, kodi ikapanda, akatuaga. Siku hizi anauza vipuri vya pikipiki Igoma. Nikipita dukani kwake tunasalimiana, na nikianza mstari wa igizo letu la zamani anaumalizia bila kuinua macho kwenye hesabu zake. Huyo anatuuma bado.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hao wote walijifunza hapa, bure, usiku, baada ya kazi nyingine. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kipo tangu mwaka 1981, na tangu 2007 kinaitwa TaSUBa. Tunakiheshimu sana, lakini kutoka hapa hadi Bagamoyo ni zaidi ya kilomita 1,000, na mvuvi mwenye watoto hawezi kuacha wavu akaenda kukaa huko. Kwa vijana wa ziwani, chuo ni kikundi kama hiki. Na kikundi hakiwezi kuendelea kuishi kwa pongezi.

Tunaomba utuvumilie tukisimulia jambo moja lililotuuma. Ofisi moja, ambayo hatutaitaja, ilitualika kwenye sherehe kubwa. Tulifanya mazoezi wiki tatu. Wavuvi wetu waliacha usiku nne za giza, usiku ambazo ndizo chakula cha nyumbani mwao. Siku ilipofika tukaambiwa ratiba imebana, igizo la dakika arobaini lichezwe kwa dakika saba. Tulicheza. Baada ya sherehe, mwenye hema alilipwa, mwenye viti alilipwa, mwenye spika alilipwa, na mama lishe alilipwa, kama inavyostahili. Sisi tulipewa soda na fulana moja kila mtu, na tukashukuriwa kwa moyo wetu wa kizalendo. Nilitazama wenzangu wakikunja maleba yao kwenye viroba, hakuna aliyesema kitu. Tuliporudi mwaloni, mmoja wa wavuvi aliuliza atamweleza nini mke wake. Sikuwa na jibu, nami ni katibu.

Halikuwa kosa la kukusudia, tunaamini hivyo. Ni kwamba mwenye viti alikuja na karatasi ya bei, nasi tulikuja na ngoma. Hakuna aliyetufikiria kama watu walio kazini. Hata tulipokwenda kuulizia mkopo wa vikundi, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ambamo asilimia 4 ni ya vijana, tuliyemkuta alituuliza kwa upole kabisa, "Sasa nyie mnauza nini?" Wenzetu wa kufuga kuku walikuwa na jibu. Sisi tulitazamana. Leo tunalo. Tunauza dakika arobaini ambazo watu mia tatu wanakaa kimya kusikiliza jambo ambalo bango haliwezi kuwaambia. Dakika hizo zina gharama: mwandishi, wiki tatu za mazoezi, nauli, maleba, rangi, na usiku wa giza ambao mvuvi hakwenda ziwani.

Marehemu King Majuto, mchekeshaji wetu, alipougua mwaka 2018, nchi nzima ilizungumza habari ya mikataba ya wasanii. Mtu aliyewafurahisha Watanzania kwa miongo mingi, na watu wakauliza zile kazi zake zote zilimwachia nini. Sisi wadogo tulisikiliza mazungumzo yale kwa makini. Tangu hapo tulianza kuandika. Maigizo yetu, ambayo zamani yalikaa vichwani, sasa yako kwenye madaftari, yana tarehe na majina ya waliotunga, kwa kuwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi, na mtunzi asiye na maandishi hujitetea kwa shida. Kikundi kimesajiliwa BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa. Tuna kitabu cha mapato na matumizi, kipo mezani, unakaribishwa kukikagua. Kurasa zake si nyingi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hatukukuita kukuomba fedha za mfukoni mwako, ingawa tunajua ndiyo desturi ya risala. Mahali pa mazoezi tunaomba: darasa moja la shule au ukumbi wa kata, jioni mbili kwa wiki, hasa msimu wa masika ambapo mvua hutufukuza hapa. Funguo tutazitunza na sakafu tutaideki. Kuhusu mkopo, tunaomba fomu yetu itakapofika tena isirudishwe kwa sababu kwenye kazi tumeandika "wasanii wa maigizo".

Lakini ombi kubwa ni mkataba. Tunaomba halmashauri, shule, hospitali, mashirika na ofisi zote zinazotuita zitusainishe karatasi kabla hatujaanza mazoezi, ikionyesha igizo ni la dakika ngapi, watakuja wasanii wangapi, malipo ni kiasi gani na yatatoka lini. Hata yakiwa madogo, yaandikwe. Binti yetu wa kiwandani anataka siku moja amwonyeshe baba yake karatasi hiyo. Ameniambia mwenyewe, na amenipa ruhusa niiseme hapa.

Tumesikia kwamba mwezi ujao kutakuwa na wiki ya uhamasishaji wa usalama majini, na kwamba vikundi vitaalikwa. Ziwa hili lilitunyang'anya watu wengi MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996, na tena MV Nyerere tarehe 20 Septemba 2018 karibu na Ukara. Humu tuliomo wapo waliopoteza mama na kaka. Igizo tutakalokuonyesha sasa linahusu jaketi okozi moja na ndugu wawili ndani ya mtumbwi, na tungependa kulipeleka kwenye kila mwalo kutoka hapa hadi Ukerewe.

Bahasha ninayokukabidhi ina nakala mbili za mkataba wa onyesho hilo, kurasa mbili tu. Bei tumeiandika na mchanganuo wake. Upande wetu mzee ameshaweka dole gumba. Upande wa pili tumeacha wazi.

Binti anatakiwa awe nyumbani saa tatu, hivyo kwa ruhusa yako tunawasha taa.

Tunaomba kuwasilisha.