Barua kwa swahiba aliyetoka kabla ya wimbo wa mwisho

Swahiba wangu,

Salaam nyingi. Mimi mzima, watoto wazima, gitaa nalo zima isipokuwa uzi wa tatu uliokatika juzi. Naomba barua hii ikukute kifua kimepoa, maana Shemeji aliniambia kikohozi kilikusumbua sana.

Ni Shemeji huyohuyo aliyenifanya nishike kalamu. Kanisomea ujumbe uliomwandikia: kwamba umeyaaga maonyesho ya "wazee waliokwisha sauti", na kuanzia sasa utabaki na rekodi zako za zamani kwa sababu humo ndimo waimbaji wako wangali hai. Nilimwomba anisomee mara mbili. Miezi mitano hatujaandikiana, swahiba. Kimya chako kimeshajieleza. Changu kilikuwa na kosa. Usiku ule wa onyesho la yule mwimbaji mzee wetu, ulipoinuka baada ya wimbo wa nane ukatoka, mimi nilibaki hadi mwisho, na sikukueleza kilichotokea. Nilikasirika. Niliona umemvunjia mzee heshima machoni pake, tena tulikaa safu ya nne, ambako aliye jukwaani humwona kila anayesimama. Basi nikanyamaza, na kukunyima habari ikawa ndiyo adhabu niliyokupa. Nisamehe. Leo nakueleza yote.

Kwanza nikupe haki yako. Spika za kushoto zilikuwa zinaguruma, na fundi mitambo hakuzigusa mpaka tulipofika katikati. Mpiga ngoma alikuwa akiwahi. Na kweli, sauti ya mzee imechakaa: zile noti za juu tulizokuwa tukizisubiri kwenye kaseti hakuzijaribu hata moja, nyingine alizishusha, nyingine akazisema tu. Halafu yule jamaa wa mbele yetu aliyeinua simu tangu mwanzo, tukawa tunamtazama mzee kwenye kioo cha simu wakati mwenyewe yuko hatua chache kutoka kwetu! Hapo hata mimi miguu iliniwasha.

Lakini wimbo wetu hukuusikia.

Aliuweka wa mwisho. Wapiga ala wote wakashuka, akabaki na gitaa na kiti chake. Ubeti wa kwanza ukaenda salama. Kufika wa pili, akapiga nyuzi za kuingilia, akafungua mdomo, maneno hayakuja. Akapiga tena. Hayakuja. Akaendelea kuzungusha vidole palepale, ameinamisha kichwa, na watu wote wakatulia, hapana aliyepiga makofi wala mluzi. Yule wa simu akaishusha. Ndipo mwanamke mmoja, kule juu nyuma, akalitamka shairi. Hakuliimba. Alilitamka polepole, kama unavyomkumbusha mwenzako jina la mtu mnayemfahamu nyote wawili. Mzee akainua kichwa, akasema, "Ahsante, mama." Akaimba. Ila hakuimba vile alivyokumbushwa.

Kwenye daftari letu la nyimbo tuliandika hivi, sivyo?

Nitangoja mlangoni, hata taa ikizima.

Usiku ule aliimba:

Nilingoja mlangoni, hata taa ikazima.

Usome tena taratibu, swahiba. Mizani ni ileile, nane kwa nane. Kina hakikuguswa. Kabadilisha silabi mbili tu, "ta" ikawa "li", na "ki" ikawa "ka". Ile "hata" ya katikati aliiacha kama ilivyo, lakini imegeuka yenyewe! Zamani ilikuwa kiapo: taa na izime, mimi nipo. Sasa inapima muda: alingoja, akangoja, mpaka taa ikazima. Na hakusema kama mtu alikuja. Tangu tukiwa vijana tumeuimba wimbo huu kama wimbo wa kuahidi, kumbe mwenye wimbo amekaa nao mpaka ahadi ikawa habari ya jana.

Nilipomsimulia Mwalimu, alisema mzee aliteleza tu, kichwa kimechoka. Nilikataa na bado nakataa. Anayeteleza huteleza mahali pamoja. Huyu alibadili mahali pawili na pote pakakubaliana, sarufi ikasimama, mizani ikasimama. Hilo halikuwa kusahau. Pengine ndiyo sababu alikwama, kwamba maneno ya zamani yalikuja akashindwa kuyasema. Sijui, hapo najisemea tu. Lakini ningekuwa na wewe pale, tungebishana njia nzima ya kurudi, na hilo ndilo nililolikosa kuliko kitu chochote.

Sasa turudi kwenye ujumbe wako, maana umenikaa moyoni. "Wazee waliokwisha sauti." Kwa mwimbaji anayeimba tungo za wengine ningekuelewa, huyo sauti ndiyo mtaji wake. Lakini sisi tumependa watunzi wanaoimba tungo zao wenyewe. Sauti ikipungua, anayebaki pale ni mtu aliyeyaandika yale maneno, na anayajua kwa namna ambayo kijana aliyeyaandika hakuyajua.

Mchukue Joni Mitchell, yule mtunzi na mwimbaji wa Kanada, ambaye wewe ndiye uliyenifundisha kumsikiliza, wala usiruke. Wimbo wake ule wa kutazama mawingu, mapenzi na maisha kutoka pande mbili aliuandika mwaka 1967, akiwa na miaka 23. Tuliusikia katika albamu ya 1969, sauti inapanda kama tiara, na ulisema mwenyewe kwamba ni wimbo mzuri lakini msichana wa miaka 23 ameyaona wapi maisha pande zote mbili. Nakumbuka vizuri, maana nilikosa jibu. Jibu alilitoa mwenyewe mwaka 2000, alipoutoa upya na okestra, ana miaka 56. Sauti imeshuka chini kabisa, sigara zimeshaifanyia kazi yake, na kila mstari sasa una mwenyewe. Kisha mwaka 2015 mshipa ukapasuka kichwani, ikabidi ajifunze upya hata kutembea. Mwaka 2022, kwenye tamasha la muziki la Newport, Marekani, akatokea bila kutangazwa, ana miaka 78, ameketi kwenye kiti kikubwa, wanamuziki vijana wamemzunguka, akauimba tena. Wale waliokaa nyuma yake wanafuta machozi. Siku ileile akapiga na gitaa, na baadaye akaeleza kwamba alijifunza upya kwa kutazama video zake mwenyewe kwenye intaneti aone vidole aliviweka wapi. Amekuwa mwanafunzi wa ujana wake! Mwaka 2024 akauimba tena kwenye tuzo za Grammy, na miaka yake 80.

Maneno ni yaleyale. Sasa niambie, katika hizo zote, iliyo "hai" ni ile ya 1969 peke yake? Mimi nazisikiliza zote kwa mfululizo, na ya 1969 imekuwa nzuri zaidi tangu nisikie ya uzeeni.

Najua utanirudisha kwa Bob Dylan, yule mtunzi na mwimbaji wa Marekani. Utasema, kama kubadilisha ni kuzuri, mbona mimi mwenyewe hulalamika kwamba anazikoroga nyimbo zake mpaka watu wanazitambua zikifika kibwagizo. Ni kweli, nalalamika na nitaendelea kulalamika. Kuna kubadilisha kunakofungua maneno, na kuna kubadilisha kunakoyafunika, na ya pili mimi sina subira nayo. Lakini mkumbuke yule mtu wa Manchester, Mei 1966, aliyemzomea "Yuda!" kwa sababu ya gitaa la umeme. Alikuja ukumbini na wimbo wake tayari kichwani, akakasirika kwamba wa jukwaani haufanani nao. Sisemi wewe ni yule. Nasema ulipoinuka kwenye kiti nilimkumbuka.

Hebu nikuulize na hili la ubeti uliokwama, maana Shemeji alisikitika sana nilipomsimulia, akaona ni aibu kwa mzee. Mwimbaji Bill Withers, mwaka 1971, katika ule wimbo wa jua lililokosekana, alifika mahali alipokusudia kuandika maneno zaidi. Hakuwa nayo bado, akawa anarudia "najua, najua" mara 26. Wanamuziki waliokuwa naye studio wakamwambia auache hivyohivyo. Mahali pale palipokosa maneno ndipo kila mtu anapopakumbuka. Kimya cha mzee wetu kwangu kilikuwa cha namna hiyo. Ungekisikia, swahiba! Mtu anatafuta mstari alioutunga mwenyewe, na anayemrudishia ni mtu asiyemjua.

Leonard Cohen, yule mshairi mwimbaji, nisimguse sana, tutakesha. Ila nikukumbushe tu kwamba yeye alirudi jukwaani 2008 akiwa na miaka 73, baada ya miaka kama kumi na tano bila ziara, tena kwa shida, akiba yake ya uzeeni ilikuwa imetoweka. Sauti iko chini kama mtu anayeongea ghorofa ya chini. Naye akawa anaimba kwa muda wa karibu saa tatu, anapiga magoti, anavua kofia kila mpiga ala anapopewa nafasi yake. Wewe una rekodi ya London ya mwaka ule na unaijua pumzi kwa pumzi. Kwa nini kwake uchakavu ni hekima na kwa mzee wetu ni mwisho? Nimelizungusha swali hili wiki nzima na jibu ninalolipata ni moja, nalo si la muziki.

Nadhani hukutoka kwa sababu ya sauti. Ulitoka kwa sababu ulijua wimbo wetu unakuja. Ule mstari ulimwandikia yule tusiyemtaja jina, kwenye ile kadi, na mimi ndiye niliyeipeleka. Kama nimekosea nisahihishe, na kama sijakosea usinijibu hapa, tutazungumza tukionana. Nataka tu ujue kwamba nilipousikia ukiwa na "nilingoja" nilitazama kiti chako.

Mengine mafupi. Mwalimu bado anashikilia kwamba hakuna kilichowahi kumpita mwimbaji Tracy Chapman pale uwanja wa Wembley, London, Juni 1988, alipokuwa ameshamaliza zamu yake, kifaa cha kinanda cha mwimbaji Stevie Wonder kikakosekana, akarudishwa jukwaani peke yake na gitaa, albamu yake ya kwanza haina hata miezi mitatu, na uwanja mzima ukamsikiliza. Kila nikimtajia onyesho lolote ananirudisha hapo. Safari hii nilimruhusu, maana hata mzee wetu alikuwa peke yake na gitaa, ila mwanzo na mwisho wa safari ni vitu viwili. Dada yako mkubwa naye ameanza kuandika nyimbo, amenionyesha mbili. Ya pili ina ubeti mmoja wa kweli kabisa, na beti tatu za kujaza. Nimemwambia aanzie pale penye ukweli, sijui kama kanielewa au kaumia.

Sasa shida yangu. Mzee anaimba tena mwezi ujao, ukumbi mdogo, wa kukaa, na wameomba simu zizimwe. Nimechukua tiketi mbili. Hii ya pili sitampa Mwalimu hata akinilaumu. Itakaa ndani ya daftari langu mpaka siku yenyewe, na kama hukuja kiti kitakaa wazi kando yangu.

Na daftari letu la nyimbo, lile la jalada jekundu, liko kwako bado? Tafadhali fungua ukurasa wa wimbo wetu uniangalizie: tuliandika "ikizima" kweli, au ni mimi ninayeikumbuka hivyo? Kuna mahali ulikata neno ukaandika jingine juu yake, je, ni pale? Na ule ubeti wa tatu ambao hatukuwahi kuusikia vizuri kwenye kaseti, tukaacha mstari mtupu, uliwahi kuujaza? Kikohozi kimeisha? Unaimba siku hizi, hata peke yako? Shemeji alikuambia kwamba alinisomea ujumbe wako, au nimemchongea sasa hivi? Na ukija, utakaa mpaka mwisho, ama nitafute viti vya karibu na mlango ili ukitaka kutoka usipite mbele yake?

Nijibu mapema, hata kwa mstari mmoja.

Wako yuleyule,
wa safu ya nne