Zile pembe za Moi Avenue hazikuwekwa kuwalilia ndovu

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lenu zaidi ya miaka ishirini bila kuwaandikia hata mstari mmoja. Lakini ile habari yenu ya majuzi, kwamba Pembe za Ndovu, zile sanamu kubwa za barabara ya Moi Avenue hapa Mombasa, ni ukumbusho wa ndovu waliouawa na onyo kwa binadamu, imenishinda kumeza.

Si kweli. Pembe zile ni za aluminiamu. Zilisimamishwa na wakoloni miaka ya 1950, barabara hiyo ikiitwa bado Kilindini Road, kumlaki mgeni wa kifalme kutoka Uingereza. Lilikuwa pambo la sherehe. Mji huu umesafirisha pembe halisi karne na karne, na hata mwaka 2014 zilikamatwa zaidi ya tani 2 hapahapa.

Kinachoniuma ni mjukuu wangu wa gredi ya nne. Alikata picha kwenye gazeti lenu, akaibandika daftarini, akaandika kuwa wazee wetu walizijenga pembe hizo kwa majuto. Mwalimu akampa vema. Nilimkalisha barazani nikamweleza habari yote tangu mwanzo, naye akanitazama tu, akasema, “Babu, gazeti limeandika.” Nilikosa la kumjibu. Mtoto huyo sasa anaamini kuwa watu walishatubu zamani, kabla hata babu yake hajajua kusoma, na kwamba kilichobaki ni kupiga picha chini ya pembe na kurudi nyumbani. Hiyo ndiyo hasara ya kuisingizia sanamu: inampa mtu utulivu pale alipostahili kushtuka. Anayetaka onyo la kweli aende Mbuga ya Taifa ya Nairobi, pembe halisi zilipochomwa, tani 12 mwaka 1989 na tani 105 mwaka 2016. Au alitazame lile jahazi la Lamu lililoundwa kwa taka za plastiki na kuvikwa ndara 30,000, likatweka hadi Zanzibar mwaka 2019. Ukiligusa unajua ni ndara za nani. Ni zetu.

Na plastiki yenyewe hatujaiacha. Siku niliyompeleka mjukuu akazione zile pembe kwa macho yake, mvua ilinyesha, mtaro ukatapika chupa hadi tukavua viatu. Huku mtaani kwetu tunaowalipa kuzoa taka hupotea wiki mbili, na wakija wanachanganya kwenye gari moja vyote tulivyovitenga. Mke wangu ameacha kutenga. Simlaumu.

Naomba mambo mawili. Kwanza, msahihishe habari ile, tena ukurasa uleule. Pili, gazeti lenu liibane kaunti iweke kibao pale kwenye pembe, kwa Kiswahili, kimo cha macho ya mtoto wa miaka kumi, kitaje zilijengwa na nani na kwa ajili ya nani. Kisha pale Kibarani, ambako jaa lilikaa miaka mingi likimwagikia mkono wa bahari wa Makupa, asimamishwe kasa wa nyavu kuukuu na ndara zilizookotwa ufukweni, mkubwa kama matatu, aelekee barabarani ili kila anayeingia kisiwani amwone. Ndara za kuanzia ninazo, gunia zima. Mjukuu ndiye aliyeziokota.

Msomaji wenu,
Tudor, Mombasa