Wadudu wa kinamasi hawafi maji yakijaa

Mhariri,

Mwandishi wenu alidai kwamba bamvua likipanda, wadudu wa vinamasi vya pwani husombwa wote. Sikubaliani naye. Mimi nimechuchumaa topeni hadi miguu ikafa ganzi, nikitazama maji yakipanda polepole. Wadudu wadogo walikuwa wakikwea majani hatua kwa hatua, mbele ya maji, mpaka nchani. Wengine walizama, na kila mmoja alimeremeta kama fedha: hewa iliyonaswa kwenye vinyweleo vyake.

Ila anayenivutia zaidi ni mbawakawa wa pwani za Ulaya, Bledius spectabilis. Jike huchimba shimo lenye umbo la chupa: tumbo pana, shingo nyembamba ya milimita chache tu. Maji yakija, hewa iliyo ndani huyazuia yasiingie. Mama hukaa humo na mayai yake. Akiondolewa, makinda wengi hufa. (Nani alisema wadudu hawana malezi?) Vidukari wa mizizini nao hubaki chini, kwenye nyufa za udongo zenye hewa.

Naomba makala ile irekebishwe.

Msomaji wenu wa siku nyingi