Mabadiliko: Jumamosi tunakutana Rose Street
Habari zenu wapendwa, Jumamosi saa nane mchana tukutane Rose Street nje ya Milne's Bar, sio maktaba tena. Nimehamishia huko makusudi maana ndipo mshairi Norman MacCaig alikuwa anakaa na washairi wenzake kina Hugh MacDiarmid wanabishana mambo ya mashairi. MacCaig ni yule mwalimu wa shule ya msingi aliyezaliwa hapahapa Edinburgh 1910, mama yake Mgaeli wa kisiwa cha Scalpay, na ukimuuliza kuandika shairi kunachukua muda gani alikuwa anapima kwa sigara, fupi moja, refu mbili. Nampenda sana huyu mzee jamani!

1. Kila mtu aje na shairi moja la MacCaig kuhusu Assynt, lile eneo la kaskazini-magharibi mwa Scotland, tutasoma kwa sauti.
2. Chai na keki pauni 5, nitumieni kabla ya Alhamisi usiku.

Unayekuja andika "nipo" hapa leo leo tafadhali, nihesabu viti.