Mchambuzi wenu hajawahi kuingia leba

Ndugu Mhariri,

Gazeti lako nalinunua miaka na miaka na sijawahi kukuandikia hata mstari. Jumapili iliyopita mmenishinda. Mchambuzi wenu wa vitabu anasema mwisho wa A Farewell to Arms, riwaya ya Hemingway ya mwaka 1929, ni "mtego wa machozi", na msomaji makini haulilii.

Basi mimi si makini. Nilikipata kitabu hicho kwenye vya mtumba pale Samora, sura za mwisho nikazimalizia ndani ya daladala ya Gongo la Mboto, mvua inanyesha na foleni ya Tazara haisogei. Catherine, mama mjamzito wa riwaya hiyo, anapasuliwa, mtoto anatolewa amekufa, kitovu kimemzonga shingoni, kisha mama mwenyewe anaanza kuvuja damu haikatiki. Nikaangua kilio. Konda akapunguza redio. Mama wa kiti cha pembeni akanishika mkono: "Pole dada, nani amefariki?" Nikamwambia Catherine. "Msiba uko wapi?" Uswisi, nikajibu. Akanitia noti ya 2,000 kiganjani, rambirambi, akashuka. Hadi leo sijui nimrudishieje.

Nimekuwa mkunga miaka 31. Damu ile naijua. Unakanda tumbo la mama ukitafuta mfuko wa uzazi ukaze, unaukuta laini kama unga uliozidi maji, unakanda tena, kitenge cha tatu kimeshalowa, na nje kwenye benchi mume kapakata chupa ya chai anauliza, "Nesi, uji ameshakunywa?" Huyo Frederic, mpenzi wa Catherine, alijeruhiwa na bomu vitani, akajirusha mtoni wasimpige risasi wanajeshi wa jeshi lilelile alilolitumikia, akapiga makasia usiku kucha Ziwa Maggiore na mwenzake mjamzito hadi Uswisi kwenye amani, halafu kifo kinawasubiri wodini Lausanne! Mtego gani hapo? Hemingway mwenyewe alisema ukurasa wa mwisho aliuandika upya mara 39. Mchambuzi wenu hakurudia wake hata mara moja, maana Catherine amemfanya Mmarekani. Ni Mwingereza yule.

Na kwa kuwa kalamu ninayo: vita hiyohiyo ya riwaya, Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, ilipiganwa huku kwetu. Kariakoo mnaiandika kila siku kwa bei ya vitunguu, na jina lenyewe limetokana na Carrier Corps, wapagazi waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Waingereza. Wale hawakuwa na wachumba? Hamjawahi kuwaomba waandishi wetu hata hadithi fupi moja, ila utabiri wa nyota mmeupa nusu ukurasa.

Mchambuzi wenu mpeni zamu moja ya usiku wodi ya wazazi, saa 2 hadi saa 1 asubuhi, simu aiache getini. Akitoka aandike upya. Glovu nitamnunulia mimi, namba saba na nusu.

Mkunga mstaafu,
Ukonga, Dar es Salaam